Siku sita za kutafuta uwanja: Tororo hadi Lugogo na kurudi

Siku ya 1, Alhamisi: Tororo hadi Jinja

Kabla sijaanza niseme kwanza tulisafiri kwa nini, maana hata mke wangu aliuliza mara tatu na bado akaona ni ujinga. Timu yetu ya raga hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, haina uwanja. Tulikua nao, kama kuazima ni kua nao, uwanja wa shule moja ambayo siitaji, tukachimba mashimo tukasimamisha milingoti minne ya kalitusi na miti miwili ya kukatiza, tukacheza msimu mzima, af Jumanne moja jioni tunafika mazoezini tunakuta milingoti imeng'olewa, imepasuliwa kuni, mpishi anapikia posho ya wanafunzi. Si utani. Tulisimama pale na viatu mkononi tunaangalia posti zetu zinachemsha maharagwe.

Basi kamati ikakaa (kamati ni watu watano na mmoja huwa haji) ikaamua mweka hazina, yaani mimi, aende akaone wenzetu wenye viwanja vyao wanaishije. Wakanipa nauli ya mtu mmoja. Shemeji akasema anakuja na anajilipia, na hapo ndo matatizo yalipoanzia kwa sababu shemeji yangu aliishi Exeter kule Uingereza miaka saba akitunza wazee kwenye nyumba ya wazee, na mwisho wa wiki alikua anaenda kuangalia timu ya raga ya Exeter Chiefs kwenye uwanja wao, Sandy Park, sasa ukiwa naye kwenye gari huwezi kupita hata choo cha shule bila kuambiwa "pale Sandy Park vyoo viko hivi".

Tulipanda teksi saa mbili asubuhi, ikaondoka saa tatu na nusu ikishajaa. Naluwerere tukasimama, madereva wa malori wanakunywa chai, Kiswahili kimejaa kuanzia Mombasa mpaka Goma, nikasikia jamaa wawili wanabishana kuhusu Kombe la Elgon, Kenya na Uganda nani mbabe, nikataka kuingilia lakini kondakta akapiga mlango. Baada ya Iganga ni miwa ya Kakira huku na huku, mpaka unachoka kuiangalia.

Njiani shemeji ndo akanipa hadithi yote na naiandika hapa kwa sababu safari nzima niliipima kwayo. Exeter ni klabu ya 1871. Tangu 1905 walicheza uwanja unaitwa County Ground, uko katikati ya nyumba za watu, na kuzunguka uga kulikua na njia ya mashindano ya pikipiki na mbwa. Hebu fikiria, winga anakimbilia trai (ndo bao letu, unagusisha mpira chini nyuma ya mstari wa mwisho) pembeni na karibu yake kuna njia ya pikipiki. Walikua timu ya madaraja ya chini, hakuna aliyewajali. Wakafanya kitu kimoja: wakauza ule uwanja ukajengwa nyumba za kuishi, na hela yake ikaingia kwenye kujenga Sandy Park nje kidogo ya mji, kando ya barabara kuu ya M5, uwanja uliojengwa kwa ajili ya raga toka msingi. Ukafunguliwa 2006. Mwaka 2010 wakapanda ligi kuu kwa mara ya kwanza katika maisha yao. 2017 mabingwa wa Uingereza. 2020 mabingwa tena, na mwaka huohuo wakachukua kombe la Ulaya kwa kuwafunga Racing 92 ya Ufaransa 31-27.

Nikamwambia sawa shemeji, sisi tutauza nini? Hatuna hata mbwa.

Tukafika Jinja saa nane, tukala, tukalala. Hakuna zaidi.

Siku ya 2, Ijumaa: Jinja

Asubuhi tukaenda Dam Waters, nyumbani kwa klabu ya Jinja Hippos, yaani viboko. Jina tu linakukumbusha bwawa la Owen Falls lililofunguliwa 1954, siku hizi linaitwa Nalubaale. Hippos nawapenda kwa sababu wao ni watu wa nje ya Kampala kama sisi, na raga ya nchi hii kwa miaka mingi imekua ni mambo ya Kampala, chama chenyewe kiliundwa 1955 na ukiangalia vilabu vinavyotajwa magazetini ni haohao wa mjini. Kiboko wa Jinja anapowatoa jasho watu wa mjini mimi hufurahi kama nimelipwa.

Hakukua na mechi, kulikua na mzee mmoja anatengeneza uga, nikamuamkia nikamueleza shida yetu, akacheka ile hadithi ya posti na maharagwe mpaka akakaa chini. Baada ya hapo akanifundisha kwa saa nzima bila kuombwa. Akasema watu wakipata uwanja wanakimbilia jukwaa na rangi, wanasahau majani. Panda paspalum, usipande kitu kingine ukitafuta urahisi, na ukishapanda usiruhusu mtu akanyage mpaka yashikane, na hata yakishashikana mazoezi yafanyike pembeni, katikati mpaachie mechi, kwa sababu skramu inachimba ardhi kama nguruwe, watu 16 wanasukumana kwenye nafasi ndogo kuliko chumba chako cha kulala. Akasema majani ni kama mtu, yanataka kulala. Kuhusu mistari akasema chokaa tu, ila usichanganye nzito sana itachoma majani na utakua na mstari wa udongo mwaka mzima.

Nilimuuliza gharama akaniangalia kwa huruma. Akasema mwanangu, kata majani kila wiki wakati wa mvua, hiyo mashine inakunywa petroli, mpira uchezwe usichezwe majani yanakua.

Hiyo nikaiandika kwenye daftari na kupigia mstari. Mechi ziwepo zisiwepo, majani yanakua.

Jioni tulitembea mpaka karibu na daraja jipya la Nile, lile la nyaya lililofunguliwa 2018, lina urefu wa mita 525. Shemeji akasema linatosha viwanja vitano vya raga vikipangwa mkia kwa kichwa. Nikamwambia hapana, ukihesabu na maeneo ya trai hayafiki matano. Tukabishana mpaka hotelini.

Siku ya 3, Jumamosi: Bweyogerere

Mapema tukavuka Nile, Njeru, tukaingia msitu wa Mabira. Najjembe gari haijasimama vizuri tayari kuna mishikaki ya kuku sita usoni kwangu na gonja, ndizi za kuchoma, kwenye dirisha la pili. Nilinunua kuku mmoja, shemeji akanunua wawili halafu akala wangu. Lugazi, Mukono, foleni, foleni, foleni.

Pale Bweyogerere unaona Namboole, uwanja wa taifa wa Mandela, ulifunguliwa 1997, unabeba watu zaidi ya 40,000. Pale ndo Julai 2025 Kombe la Afrika la raga lilichezwa na Zimbabwe wakawafunga Namibia 30-28 fainali wakapata tiketi ya Kombe la Dunia la 2027, mara ya kwanza tangu 1991. Mimi sikwenda, nilikua na mgonjwa nyumbani, shemeji alikwenda na hataacha kunikumbusha. Lakini ule si uwanja wa klabu. Ule ni wa taifa, leo mpira wa miguu, kesho riadha, ukimaliza mechi unarudisha ufunguo.

Sisi tulikua tunaenda jirani yake, Kings Park, nyumbani kwa klabu ya Black Pirates. Na leo kulikua na mechi.

Sasa nitakiri jambo la aibu. Mimi napenda raga kuliko chakula na sikuona trai ya kwanza. Nilikua nimekaa karibu na baa nahesabu kreti. Kweli kabisa, nilikua na daftari, kila kreti tupu ikitoka nachora kijiti, kila sahani ya muchomo (nyama ya kuchoma) inayopita nachora kijiti upande mwingine, nikasikia watu wanalipuka kwa kelele, nikainua macho, watu wanakumbatiana, mpira uko chini katikati ya posti na mimi nina vijiti vinne na kijiti cha tano mkononi. Shemeji alikasirika kweli. Akasema umesafiri kilomita mia mbili kuja kuhesabu soda.

Ila ngoja nieleze nilichoona. Wanaolipa mlangoni ni wengi lakini wanalipa mara moja. Anayekunywa analipa mara nne, mara tano. Mechi ni dakika 80 na mapumziko, watu wale wanafika saa nane na saa nne usiku wapo, muziki umefunguliwa, watoto wanacheza na mpira mdogo kwenye kona ya uga ambapo saa mbili zilizopita watu wazima walikua wanavunjana mbavu, wachezaji wa pande zote wamekaa meza moja na barafu kwenye magoti. Jamaa mmoja wa timu ngeni ana jicho limevimba kama embe, anacheka na yuleyule aliyemvimbisha. Hii ndo raga bwana, na hii haifanyiki kwenye uwanja wa shule kwa sababu saa kumi na mbili askari wa geti anapiga filimbi mtoke.

Nilimwambia shemeji hivo, akatulia, akasema hata kule Uingereza ni hivohivo. Ligi yao kuu ina timu 10, maana yake mechi za ligi za nyumbani ni 9 kwa msimu. Tisa! Mwaka una siku 365. Uwanja umejengwa kwa mamilioni ya pauni na kwa mechi za ligi unatumika siku 9, ukiongeza vikombe labda mara mbili ya hapo, siku nyingine zote majani yanakua (yule mzee wa Jinja angefurahi). Kwa hiyo Sandy Park chini ya majukwaa kuna kumbi, siku ya kazi kuna mikutano ya makampuni, jioni kuna harusi, kuna karamu, watu ambao hawajui trai ni nini wanakula kuku wa klabu na kulipa klabu. Walianza na uwanja wa watu kama elfu nane, wakiona pesa inakuja wanaongeza jukwaa, sasa unabeba zaidi ya 15,000. Hawakujenga yote siku moja.

Hapo ndo nikaelewa kwa nini kamati ilinituma mimi na sio kocha.

Siku ya 4, Jumapili: Lugogo

Tulilala Kireka kwa ndugu wa shemeji, mama mwenye nyumba alitupa chai na mihogo na akakataa hela, Mungu ambariki.

Asubuhi Lugogo. Kama hujui, pale ni jirani ya jirani: Legends wanakocheza Kobs, na Kyadondo wanakocheza Heathens, klabu yenye mataji mengi ya ligi kuliko zote Uganda. Unaweza kutoka kwa huyu ukaenda kwa yule kwa miguu na soda yako haijaisha. Makerere wako Impis, uwanja wao watu wanauita Graveyard, yaani makaburini, nikasema huko siendi, nina watoto wadogo. Wapenzi wa Kobs na Heathens sitawapatanisha hapa, kila mmoja anajua ukweli wake.

Legends tulipita haraka, nikachora mchoro wa uga unavyokaa na watu wanavyoingia, tukaenda.

Kyadondo nilitaka kuiona tangu kijana. Pale ndo Aprili 2022 Uganda ilichukua Kombe la Afrika la wachezaji saba kila upande na kwenda Kombe la Dunia la Cape Town, na mimi nilipiga kelele mbele ya simu mpaka jirani akaja kuangalia kama nimeibiwa. Nikasimama kando ya mstari, nikafungua daftari, nikaanza hesabu zangu za siku zisizo na mechi: muziki hapa, harusi pale, siku za Ligi ya Mabingwa weka skrini kubwa, watu wa mpira wa miguu walete hela zao kwenye nyumba ya raga...

Nikasimamisha kalamu hapohapo.

Kwa sababu hiyo ndiyo ilikua sababu ya watu kukaa pale usiku wa 11 Julai 2010. Hawakuja kuangalia raga. Ilikua fainali ya Kombe la Dunia, Uhispania na Uholanzi, skrini kubwa, viti vya plastiki kwenye majani, mechi inaelekea mwisho, na mabomu yakalipuka, pale na mapema kidogo kwenye mgahawa wa Kabalagala. Zaidi ya watu 70 walikufa usiku ule, wengi wao hapo Kyadondo. Al-Shabaab wakasema ni wao. Mimi usiku ule nilikua Tororo kwenye kibanda cha video, watu kama arobaini tumebanana, mtu mmoja akapigiwa simu, akatoka nje, akarudi akasema zimeni. Hakuna aliyebisha. Hatukujua nani kachukua kombe mpaka kesho yake.

Shemeji, ambaye haishi kuongea, hakuongea. Kulikua na vijana wanafanya mazoezi ya kurusha laini auti, wanamnyanyua mwenzao juu anadaka, wanamshusha, wanamnyanyua tena. Hawa wengine mwaka 2010 walikua watoto wa chekechea. Tulikaa kwenye majani kama nusu saa tukiwaangalia.

Kabla ya kuondoka niliandika mstari mmoja tu: ukaguzi getini, milango ya kutokea zaidi ya mmoja, hata kama uwanja ni wa majani na ng'ombe.

Siku ya 5, Jumatatu: Katwe

Safari hii posti ni za chuma, hazipikiwi maharagwe. Tukaenda Katwe kwa mafundi wa kuchomelea. Nikampa fundi vipimo: nguzo mbili ziachane mita 5.6, mti wa kukatiza uwe mita 3 kutoka ardhini, na nguzo zenyewe zifike angalau mita 3.4 kutoka ardhini. Akaangalia karatasi, akaangalia mimi, akauliza na neti inafungwa wapi ssebo? Nikamwambia haina neti, mpira unapita juu. Akamuita mwenzake aje asikie. Mwenzake akauliza sasa golikipa anasimama wapi, hapo juu?

Bei aliyotaja ninayo kwenye daftari lakini siiandiki hapa maana kamati bado haijaiona na mwenyekiti ana presha.

Kwenye basi la kurudi nilimuuliza shemeji swali lililonikaa moyoni tangu Jumamosi. Kama uwanja ndo dawa, mbona Worcester, wenzao Exeter kwenye ligi kuu, walikua na wa kwao, Sixways, na 2022 wakafilisika? Na Wasps je? Hao walikua mabingwa wa Ulaya mara mbili, 2004 na 2007, wakahama kutoka kusini wakaenda Coventry kununua uwanja mkubwa wa watu elfu thelathini na kitu, uliojengwa kwa mpira wa miguu, wakakopa pauni milioni 35 kwa hati za dhamana, na mwaka huohuo wa 2022 deni likawameza. 2023 London Irish nao. Vilabu vitatu vya ligi kuu vilianguka ndani ya mwaka mmoja.

Shemeji akafikiri kutoka Mukono mpaka Lugazi, ambayo kwake ni muda mrefu sana. Akasema Wasps walinunua nyumba ya mtu mwingine, kwenye mji wa watu wengine, kwa hela ya watu wengine. Exeter waliuza chao wakajenga chao, mlemle kwenye mji wao, kidogokidogo. Nikamuuliza na Worcester? Akasema Worcester sijui nikwambieje, wewe ni mweka hazina, wewe ndo uniambie.

Sikua na jibu. Nilichoamua ni kwamba sacco hatuendi. Kuna mwenzetu kwenye kamati amekua akisukuma tukope, na akisoma hapa ajue kura yangu.

Siku ya 6, Jumanne: Tororo

Ule mwamba wetu ukiuona kwa mbali unajua umefika. Sikwenda nyumbani moja kwa moja, mke wangu asamehe, tulishuka tukachukua boda mpaka kwa mzee mmoja mwenye shamba la malisho upande wa barabara ya kwenda Malaba, amekua akisema anaweza kuuza au kukodisha akipata mtu mwenye akili.

Hesabu nilishaifanya kwenye gari. Uga mkubwa kabisa ni mita 100 kwa 70, ongeza mita 10 kila upande kwa ajili ya kufungia trai, ongeza na mita 5 za usalama kuzunguka, unapata 130 kwa 80, yaani karibu ekari mbili na nusu. Lakini sheria zinaruhusu kupunguza: mita 94 kutoka mstari wa trai hadi mwingine, na 6 kila upande nyuma ya posti, jumla 106 kabla ya nafasi ya usalama. Tukavuta kamba, shemeji upande mmoja mimi upande mwingine, ng'ombe wanatuangalia. Upana hauna shida, unabaki. Urefu, tumefika mita 109 tukagonga mwembe.

Si mwembe mdogo. Ni mwembe ambao watu watatu hawaukumbatii.

Nikamuamkia mzee, nikamuuliza kwa adabu zote huu mwembe, mzee wangu, una habari gani? Akasema huo ulipandwa na mama yake na yeye mwenyewe atazikwa karibu yake, kwa hiyo tuuzungumze kama mtu aliyepo. Shemeji akaanza kusema pale Sandy Park... nikamkanyaga mguu. Mzee akauliza huo mchezo wenu unachezwa siku ngapi kwa wiki, nikasema moja, akasema basi siku sita ng'ombe wangu watakula hapo, watawakatia majani bure, hamtanunua petroli.

Nikafikiria yule mzee wa Jinja na mavi ya ng'ombe kwenye paspalum yake. Nikasema tutaongea.

Bei hakutaja. Akasema turudi Alhamisi na mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, tuje na sukari kilo mbili, na kamba ndefu zaidi, maana upande wa pili wa shamba nako kuna kipande cha mdogo wake na huyo mdogo wake naye anahitaji hela ya karo.

Mke wangu anauliza nimeleta nini kutoka Kampala. Nimemletea gonja ya Najjembe, imepoa.